Lukafu: fundi asome namba kabla ya kuchanganya kabureta

LUKAFU, Lubumbashi. Peugeot 504 ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968. Leo kabureta mpya ya gari hilo ni shida kupata, kwa hiyo mafundi hufungua mbili mbovu ili watoe moja nzima. Hilo si kosa. Kosa ni kuchanganya piesi bila kusoma namba.

Jikleri, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu linalopima petroli, ina namba yake. Kwenye kabureta ya Solex, 130 ni tundu la milimita 1.30. Ikiwa kubwa mno, moshi unakuwa mweusi na pesa ya mwenye gari inaishia kwenye mafuta. Ikiwa ndogo mno, injini inapata joto na valvu zinaweza kuungua. Tena Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,200, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani. Jikleri iliyofaa Mombasa inaweza kuzidisha mafuta hapa.

Hatari kubwa zaidi ni sindano ya boya. Isipokaa vizuri kwenye kiti chake, petroli inafurika juu ya injini yenye moto, na gari linaweza kuwaka likiwa na watu ndani.

Mafundi waandike namba kabla ya kufungua, wahamishe sindano pamoja na kiti chake, kisha wakague kama kuna petroli inayovuja kabla ya kumrudishia mwenyewe ufunguo. Mwenye gari naye aombe kuonyeshwa piesi zilizotolewa. Ni haki yake, maana yeye ndiye atakayepanda na watoto wake.