Uwanja wa Shule Si Ardhi Tupu

Wapo wanaouhesabu uwanja wa shule kuwa ardhi tupu kwa sababu tu haujajengwa. Fikra hiyo ndiyo iliyoleta fedheha ya Nairobi. Mwezi Januari 2015 uwanja wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road ulikutwa umezungushiwa ukuta. Tarehe 19 wanafunzi waliusukuma ukuta ule ukaanguka, na polisi wakawarushia mabomu ya machozi watoto waliovaa sare za shule. Serikali ya Kenya iliomba radhi na kutamka kwamba ardhi ile ni mali ya shule. Vyema, lakini ilibidi watoto walie kwanza.

Sisi wa Rusizi tusiitazame habari hiyo kama ya mbali. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 503 kwa kila kilomita moja ya mraba ya Rwanda. Hapa kwetu vilima vyateremka mpaka Ziwa Kivu, na tambarare ya kutosha magoli mawili haipatikani ovyo. Ikichukuliwa, nyingine itachongwa wapi?

Soko linahitajika, na barabara pia, hatubishi. Tunachokikataa ni mzazi kuitwa mpinga maendeleo kwa kuulizia mpaka wa shule mkutanoni. Taifa lilipoanza kujenga vyumba vya madarasa zaidi ya 22,000 mwaka 2020, wananchi wa namna yake walijitokeza katika umuganda. Basi naye aonyeshwe ramani na hati, mbele ya wenzake, kabla ya jembe la kwanza kupigwa.