Chuo Kikuu na Kikapu cha Chai

Neno chuo, kwetu sisi watu wa pwani, ni la zamani. Kabla ya kuja vyuo vikuu, chuo kilikuwa ni mkeka, juzuu na mwalimu, na mtoto alikabidhiwa hapo kwa heshima zote. Leo vyuo vikuu navyo vinausomesha utoto wenyewe: mtoto ni nani, ana haki gani, na ni nani wa kumlinda. Wako wanaouliza, je, malezi nayo ni jambo la kusomewa shahada?

Jibu tulitafute Kericho na Bomet, katika nchi ya majani chai. Huko kipo Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopewa hati yake mwaka 2013. Na huko mchumaji wa chai hulipwa kwa kilo. Kila mkono ukizidi, mizani hupanda. Na mkono wa mtoto ni mwepesi, tena haudai mshahara. Kishawishi huzaliwa hapo, mara nyingi si kwa ukatili wa mzazi bali kwa uchache wa pato.

Sheria hazikukosekana. Kenya iliuridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na inamkinga na kazi za kumnyonya. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 13. Lakini sheria ya ajira humtafuta mwajiri. Katika shamba dogo la nyumbani, mwajiri ni nani kama si baba na mama? Na kumfunza mtoto kazi ni sehemu ya malezi. Hakuna alikanaye hilo.

Basi mpaka uko wapi baina ya kulea na kutumikisha? Hapo ndipo anapotakiwa msomi. Na ahesabu saa. Na aulize kama mtoto alichuma baada ya masomo au badala ya masomo, alibeba mzigo wa uzito gani, na fedha zilinunua nini. Majibu hayo hayapatikani kwa kupita barabarani.

Wazee walisema, elimu bila ya amali ni kama mti usiozaa. Shahada ya haki za watoto itakayoishia maktabani ni mti wa namna hiyo. Lakini itakayofika mizanini, ikamwonyesha mzazi, kiwanda na serikali ni bei gani ya kilo itakayomweka mtoto darasani, hiyo ndiyo elimu, na thawabu yake ni kubwa.