Mbwa wa Watu Akiingia Uani

Mbwa aliyepotea hana kinywa cha kuulizia njia. Huzunguka milango ya watu, hunusa, hulala penye kivuli, na pengine huwafuata watoto watokao shuleni. Katika mtaa kama Gisimenti, huko Remera mjini Kigali, penye maduka, baa na muziki wa usiku, si ajabu mbwa aliyeshtushwa na kelele kutoroka kwao na kukutwa asubuhi katika ua wa watu wasiomjua. Mwenye ua huo akumbuke neno moja: mbwa huyo si adui wa kuuawa, wala si zawadi ya kufugwa. Ni mali ya mtu, na huenda ana maradhi. Mambo hayo mawili ndiyo yaongoze kila hatua.

Kwanza, watoto waingizwe ndani. Mbwa awekewe maji katika bakuli na chakula kidogo, kisha mtu arudi nyuma. Asikumbatiwe, asivutwe, wala asikaziwe macho. Anayetokwa na mate mengi, anayeyumba, anayeshindwa kumeza au anayeuma hata mawe na miti, asikaribiwe kabisa, kwani hizo ni dalili za kichaa cha mbwa. Hata anayetikisa mkia asiaminiwe upesi, maana virusi vya ugonjwa huo huweza kuwamo katika mate siku chache kabla ya dalili kuonekana.

Pili, habari itolewe siku hiyo hiyo. Aarifiwe kiongozi wa umudugudu, na kwa njia yake daktari wa mifugo wa sekta. Walinzi wa irondo nao waulizwe, kwa kuwa wapitao usiku huwajua mbwa wa mtaa. Mkutano wa umuganda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, ni mahali pema pa kutangazia, lakini usingojewe. Mwenye kutangaza ataje rangi na kimo cha mbwa, ila alama moja aifiche, kama vile kovu au rangi ya mkanda wa shingoni. Atakayeitaja bila kuambiwa ndiye mwenyewe. Naye aulizwe cheti cha chanjo.

Tatu, ikiwa mtu ameumwa, amekwaruzwa, au amelambwa penye kidonda, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Chanjo itolewayo mapema huokoa. Lakini dalili zikishamtokea mtu, karibu kila mara hufa. Mtoto asitishwe kwa fimbo, asije akaficha jeraha kwa woga.

Jirani aliye askari au polisi huenda akaitwa ili ammalize mbwa kwa risasi. Asiharakishe. Mbwa aliyeuma, akifungiwa salama na kuangaliwa na daktari wa mifugo kwa siku 10, hutoa jibu lenye faida kubwa: akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa na virusi katika mate siku ile alipouma. Na akifa, ubongo wake ndio upimwao. Risasi ya kichwani huharibu ushahidi huo.

Liko na jambo la moyoni. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, mbwa walioachwa bila wenyewe walikula miili ya waliouawa, na askari waliwapiga wengi risasi. Kwa miaka mingi baadaye mbwa walikuwa haba mjini Kigali. Mwenye kovu usidhani kapoa. Mama au mzee akitetemeka kwa kumwona mbwa uani, asichekwe, wala asiambiwe azoee. Mbwa na ahamishiwe kwa jirani mwingine mpaka mwenyewe apatikane.

Nao wenye mbwa wana wajibu wao. Mbwa achanjwe kwa wakati, avishwe mkanda wenye namba ya simu, na lango lifungwe kabla ya giza kuingia. Anayemwacha mbwa wake azurure humtwika jirani mzigo wa hofu, na huenda mzigo huo ukamwangukia mtoto asiyekuwa na kosa.