Wiki Bila Daftari



Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka analijua neno hili, na akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa wanalijua zaidi. Hakuna kikundi kinachokaa wiki mbili bila kufungua kitabu na kuhesabu. Lakini ipo mali nyingine ambayo karibu sote tunaiacha ipotee bila habari, nayo ni wiki yenyewe. Kila Jumapili Mungu anatukabidhi saa 168. Jumapili inayofuata tukiulizwa zimekwenda wapi, tunajibu: "Kazi tu."

Mwezi huu hatutazungumzia minyoo wala homa ya matumbo. Tunapenda kutoa maoni yetu juu ya jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa la afya. Kila mtu mzima katika familia zetu anahitaji robo saa kila wiki ya kukaa chini na kuitazama wiki iliyopita: kazi yake, mapumziko yake, alichosoma, na hatua aliyopiga. Wengine watasema hayo ni mambo ya watu wenye nafasi. Sisi tunaoona wanaofika hospitalini tunasema kwamba wasio na nafasi ndio wanaoyahitaji zaidi.

Ripoti ya zamu

Hospitalini, muuguzi wa zamu ya usiku haondoki asubuhi kabla ya kukabidhi ripoti. Anaeleza nani amelala vizuri, nani amekataa chakula, nani anatakiwa kutazamwa kwa karibu. Hata kama amechoka kiasi gani, ripoti lazima itolewe, kwa sababu zamu inayoingia bila ripoti inaanza kazi gizani. Basi tujiulize: kama mgonjwa mmoja anastahili ripoti kila zamu, kwa nini maisha yetu yaingie wiki mpya bila ripoti ya wiki iliyokwisha?

Tena ipo chati ya joto. Joto likipimwa mara moja linatuambia kidogo. Lakini tukitia nukta kila zamu, baada ya siku tatu mstari huanza kusema: homa inapanda jioni, inashuka asubuhi. Vivyo hivyo wiki moja haisemi mengi. Wiki sita zilizoandikwa katika daftari husema.

Tulikuwa na mama mmoja muuza nyanya aliyekuja mara kwa mara kwa maumivu ya kichwa. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, na shinikizo la damu lilikuwa la kawaida. Tukamwomba kijana wake wa darasa la sita amwandikie kila Jumapili mambo matatu: siku alizoumwa kichwa, saa aliyoamka, na alichokula mchana. Baada ya wiki tano chati ilisema yenyewe. Kichwa kiliuma siku za mnada, siku ambazo aliamka saa tisa usiku na kushinda juani bila chakula wala maji hadi jioni. Dawa ikawa chupa ya maji, viazi vya kuchemsha katika kikapu, na kulala mapema usiku wa kuamkia mnada. Vidonge vya kutuliza maumivu alivyokuwa akivimeza kama karanga vikapungua. Ni vizuri vilipungua, kwa maana vidonge hivyo vikimezwa ovyo kwa muda mrefu huweza kuumiza tumbo na figo.

Kazi isiyotazamwa huua

Tusidhani tunatia chumvi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu ya pamoja. Yalikadiria kwamba katika mwaka 2016 watu 745,000 duniani walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo uliotokana na kufanya kazi saa nyingi mno. Anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35 ile ya anayefanya saa 35 hadi 40. Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki.

Sasa chukua kalamu uhesabu saa za mama wa nyumbani: kuchota maji, kuni, shamba, jiko, kufua, watoto, mgonjwa wa ukoo aliyeletwa kutoka kijijini. Wengi wanaopita saa 55 hawajui kwamba wamepita, kwa sababu hakuna anayeandika. Shinikizo la damu nalo halipigi hodi. Mtu anaweza kuwa nalo miaka mingi bila kuhisi lolote, hadi siku mkono mmoja unapokataa kuinuka. Kwa hiyo swali la kwanza la daftari ni hili: wiki hii nimefanya kazi kiasi gani, na mwili wangu umesema nini?

Mapumziko si uvivu

Swali la pili ni: wiki hii nimefanya nini kwa kupenda tu? Tunasikia watu wakisema kuwa na jambo la kujifurahisha ni desturi ya Wazungu. Je, babu zetu waliokaa chini ya mwembe wakicheza bao waliifunzwa na Wazungu? Bibi zetu waliosuka mikeka ya ukindu yenye rangi, wakishindana nani ana mkono mzuri zaidi, walikuwa wavivu? Kuimba kwaya, kufuma vitambaa, kupanda maua mbele ya nyumba ambako mahindi yangeweza kuota, yote hayo hulegeza moyo uliokazwa. Pombe tusiihesabu hapa. Anayekunywa ili asahau wiki yake hawezi kusema ameitazama.

Kusoma ni kinga

Swali la tatu: nimesoma nini? Elimu haina mwisho, na katika afya anayeacha kusoma huwa hatari kwa wenzake. Sisi tuliojifunza uuguzi miaka ya 1990 tulifundishwa kutibu malaria kwa klorokwini. Mwaka 2001 nchi yetu iliiacha kwa sababu vimelea vilikwisha kuizoea, ikaingia dawa ya SP. Mwaka 2006 hiyo nayo ikaondolewa katika matibabu ya kawaida na nafasi yake ikachukuliwa na dawa mseto. Katika miaka sita tu dawa ya kwanza ya malaria ilibadilika mara mbili! Muuguzi aliyefunga vitabu siku ya kupokea cheti angeendelea kutoa dawa isiyoponya. Mzazi naye ni hivyo hivyo. Anayelea mtoto kwa aliyoyasikia miaka 30 iliyopita huenda akampa uji mtoto mchanga wa miezi miwili, ilhali ushauri wa leo ni maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita.

Si lazima kusoma sana. Kurasa 10 kwa wiki ni kurasa 520 kwa mwaka, yaani kitabu kinene kizima. Marehemu Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali, na bado alituachia mashairi na vitabu vingi, kikiwemo kile alichosimulia maisha yake mwenyewe. Hatusemi kila mkristo awe mwandishi. Tunasema tu kwamba ajira haikumzuia mtu yule kuyatazama maisha yake na kuyaandika.

Nimekua wapi?

Swali la nne ni gumu zaidi: je, mimi wa Jumapili hii ni tofauti na yule wa Jumapili iliyopita? Nimejifunza kunyamaza nikiwa na hasira? Nimemwomba mtoto radhi? Wapo watakaosema kwamba kwa hilo tunayo sakramenti ya kitubio. Ni kweli, wala daftari haliwezi kushika nafasi yake. Lakini tukumbuke kwamba Mtakatifu Inyasi wa Loyola, ambaye Mazoezi yake ya Kiroho yaliidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, aliweka shukrani kuwa hatua ya kwanza ya kutafiti dhamiri. Mtu huanza kwa kumshukuru Mungu kwa mema aliyopokea, ndipo anaangalia makosa. Nasi tufanye vivyo hivyo. Anayehesabu makosa tu hutoka kwenye daftari akiwa mgonjwa kuliko alivyoingia.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo la kuandika. Mwaka 1986 huko Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha uchunguzi wao. Waliwaomba wanafunzi wa chuo kikuu waandike robo saa kwa siku nne mfululizo. Walioandika mambo mazito yaliyowapata, pamoja na jinsi walivyoyahisi, waliposikia uchungu ule wa mwanzo walihuzunika. Lakini katika miezi sita iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Hiyo si sawasawa na daftari la kila Jumapili, ila inatuonyesha kwamba moyo ukipewa karatasi mwili nao hupata nafuu.

Namna ya kufanya

1. Tafuta daftari la kawaida la shule, na robo saa moja Jumapili. Kwa mwaka mzima ni saa 13 tu. Zima simu.

2. Andika mistari miwili au mitatu kwa kila swali: kazi, mapumziko, kusoma, kukua. Anza na shukrani.

3. Maliza kwa jambo moja dogo la wiki ijayo. Moja, si kumi. Kwa mfano: "Jumatano nitalala saa tatu."

4. Asiyejua kuandika aandikiwe na mtoto anayemwamini, au azungumze na rafiki. Jambo kubwa ni kutazama.

5. Daftari la mtu ni siri yake. Baba asifungue la mama, wala mama la baba. Wazazi wasipekue la kijana, wasije wakamfundisha kuandika uongo.

6. Kila baada ya wiki sita soma yote kwa pamoja. Ukiona kwamba kwa wiki mbili au zaidi umekosa usingizi, umekosa hamu ya kila kitu, au umeandika kwamba heri kufa, usingoje wiki ya tatu. Njoo zahanati au hospitali, na mwambie mtu wa karibu siku hiyo hiyo. Sonona ni ugonjwa, nao una matibabu.

Jumapili ni ya nani?

Sasa tuseme neno ambalo huenda halitawapendeza wote. Shauri letu halina maana kama robo saa hiyo ni ya baba peke yake. Katika nyumba nyingi, Jumapili baba hurudi Misani akaketi na redio, huku mama akienda moja kwa moja jikoni kupika chakula cha wageni. Binti wa kazi, ambaye pengine alikwenda Misa ya kwanza alfajiri au hakwenda kabisa, anaosha vyombo hadi usiku. Tuisome upya amri ya Sabato katika kitabu cha Kutoka, sura ya 20. Haikumtaja bwana wa nyumba tu. Inataja mtumwa na mjakazi, mgeni, hata mnyama wa kufugwa. Ng'ombe amepewa mapumziko na Mungu, na sisi tunamnyima binti wa watu?

Nyumba inayotaka kufuata shauri hili ianze hapo. Vijana wa kiume waoshe vyombo siku hiyo. Chakula cha Jumapili kiwe chepesi, hata kama shangazi amekuja. Binti wa kazi apewe naye daftari na kalamu, na saa yake ya kuwa peke yake.

Kwa heshima zote, tunawaomba pia maparoko wetu na viongozi wa halmashauri za walei. Jumapili nyingi baada ya Misa kuna kikao, baada ya kikao kuna mazoezi, baada ya mazoezi kuna kuhesabu michango. Waamini wanafika nyumbani jioni wakiwa wamechoka kuliko siku ya shamba. Je, haiwezekani Jumapili moja katika mwezi ikaachwa bila kikao chochote? Parokia haitaanguka. Na iwapo ipo kabati ya vitabu vinavyoliwa na mchwa pale ofisini, ifunguliwe siku hiyo.

Mwenyezi Mungu mwenyewe, alipomaliza kazi ya uumbaji, aliitazama yote aliyoifanya akaona ni njema sana, ndipo akapumzika. Alitazama kwanza. Kama Muumba aliona yafaa kuitazama kazi ya wiki yake, sisi viumbe wake tuna haraka gani?

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya chumvi na shinikizo la damu. Hadi hapo, tunawatakia Jumapili zenye mapumziko ya kweli.