Likizo Isiishie Barazani

Likizo ni haki ya mfanyakazi, wala si hisani. Hata hivyo, wengi wetu visiwani tunaimalizia barazani, ilhali wageni wanavuka bahari kuja kuitazama nchi yetu. Ng'ambo yetu, Bara, iko Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, ambako tembo na twiga huishi jirani na pwani. Kutoka Mombo, barabara inapanda milima ya Usambara hadi Lushoto, mji wa baridi na matunda. Kiingilio cha mwananchi hifadhini ni nafuu kuliko cha mgeni. Kizito ni nauli na malazi. Kwa hiyo tunawahimiza wakuu wa idara na vyama vya wafanyakazi waandae safari za pamoja. Tutailindaje nchi tusiyoijua?