NJIA YA BAISKELI ISIPANULIWE



Katika mkutano wetu uliopita tulikubaliana jambo moja, tukagombana juu ya jingine. Tulilokubaliana ni kwamba chama kifungue njia ya baiskeli ya moramu kutoka ghalani, kupitia rweya, mpaka mwaloni, mbali na lami. Tulilogombania ni upana. Wenzetu wanasema eti madhali tunashika majembe, basi tulime mita nne ili Fuso nayo ipite. Mimi nasema hapana, na naomba nafasi hapa ukutani nieleze kabla hatujapiga kura.

Tukumbuke tulikotoka. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 na 1975 iliwapanga wananchi wengi wa nchi hii kando ya barabara. Ilisemwa kwamba ni ili lori la mbegu lifike, mwalimu afike, dawa zifike. Barabara zenyewe nyingi zilikuwa za vumbi, na mwenye baiskeli alisikia lori tangu liko mlimani, akashuka, akasimama pembeni, likapita. Leo barabara kubwa ya kutoka Muleba kwenda Biharamulo ni lami. Mabasi ya Mwanza na Bukoba yanapita kusini mwa wilaya yetu, malori yanayokwenda Mutukula yanapita. Tangu Juni 2025 lilipofunguliwa daraja la Kigongo hadi Busisi, magari hayakai tena foleni ya kivuko. Hatuipingi lami, tuliililia wenyewe. Lakini lami haikujengwa kwa ajili ya mama anayesukuma baiskeli yenye ndoo mbili za dagaa na mtoto mgongoni. Ukingo wake umekatika kama ngazi. Tairi likitoka nje ndiyo umeanguka. Basi likija nyuma linapiga honi mara moja tu, halafu shauri yako.

Na jambo hili si la usalama peke yake, ni la chama. Mzee mwenye gunia moja la kahawa ya maganda afanye nini? Akilipakia kwenye baiskeli anaogopa lami. Akikodi pikipiki nauli inakula faida. Basi anakaa nyumbani, mlanguzi anamkuta mlangoni na mzani wake wa mashaka. Halafu tunashangaa kwa nini butura haiishi! Butura ina sababu nyingi, njaa, misiba na madaftari ya watoto, sikatai. Lakini mtu ambaye hawezi kulifikia ghala kwa miguu yake mwenyewe, huyo tumeshampoteza kabla kahawa haijaiva.

Sasa turudi kwenye upana. Jamani, njia ikiwa mita nne haibaki ya baiskeli hata msimu mmoja. Itaanza Fuso moja ya mchanga. Itafuata ya mkaa. Halafu dereva wa basi atasikia kuna njia ya mkato. Mvua za masika zikija, magurudumu yatachimba mifereji miwili, maji yatatuama humo, na mwenye baiskeli atarudi kule kule kwenye lami tulikomtoa. Wataalamu wa barabara walipima jambo hili kule Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960. Walipitisha malori usiku na mchana juu ya vipande vya barabara vya majaribio, wakaona kwamba uzito ulio juu ya ekseli ukizidi mara mbili, uharibifu wa barabara unazidi kama mara kumi na sita. Hiyo ilikuwa lami na zege. Moramu yetu ya kushindilia kwa miguu itafanywaje? Baiskeli yenye mikungu minne ya ndizi haiharibu kitu, kwanza inashindilia.

Tena, njia ya mita moja na nusu tunaiweza wenyewe. Tunakwangua majani, tunainua mgongo katikati ili maji yasikae, tunachimba mtaro upande wa mlimani, na pale penye maji yanayokatiza tunapanga mawe. Nyasi zikiota, jembe lipo. Ikishakuwa ya magari tutaanza kusema ni ya TARURA, tutakaa chini ya mti kusubiri greda na bajeti.

Kuhusu njia kupita ukingoni mwa ziwa kabisa, kama walivyopendekeza vijana wa mwaloni, hapo pia tuwe waangalifu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imetenga mita 60 kutoka kwenye maji. Na hata kama sheria isingekuwepo, ziwa lenyewe limeshatufundisha. Mwezi Mei 2020 Ziwa Viktoria lilipanda likapita hata kipimo cha 1964, mialo ikamezwa na maji. Njia ikae juu, kwenye rweya, iteremke mwaloni mahali pamoja tu. Hapo juu mtoto wa shule hakanyagi maji ya kichocho wala hakutani na kiboko asubuhi.

Wapo wanaosema watalii watakuja. Wenzetu wa Rwanda wanayo njia iitwayo Kongo-Nile, kilomita 227 kandokando ya Ziwa Kivu, kati ya Rubavu na Rusizi, na Wazungu wanakuja na baiskeli zao kuiendesha. Na sisi upande wa magharibi tunayo Burigi, ambayo tangu 2019 imo ndani ya hifadhi ya taifa ya Burigi-Chato. Wakija karibu sana, ndizi zipo. Lakini tusilime njia kwa kumngojea mgeni. Mwenye njia ni yule mama wa dagaa.

Limebaki suala la pikipiki, na hapa nasema wazi kwamba vigingi havitazizuia. Kigingi kinazuia gari. Pikipiki hupita popote baiskeli inapopita. Kwa hiyo tunahitaji sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji inayo mamlaka hayo chini ya sheria ya serikali za mitaa ya 1982, ikishapitishwa na mkutano wa kijiji na kukubaliwa wilayani. Iandikwe hivi: pikipiki marufuku, isipokuwa inayombeba mgonjwa au mama mjamzito. Najua vijana wetu wa bodaboda watanuna. Wakumbuke kwamba jina hilo hilo lilianza na baiskeli, kule mpakani Busia, watu wakivushwa kutoka boda hadi boda. Lami yote ni yao. Hii moja watuachie.

Na ardhi je? Mita moja na nusu inapita kwenye vijia vilivyopo tayari, hakuna atakayepoteza kitu zaidi ya majani. Mita nne inaingia kwenye vibanja vya watu.

Vigingi vya kupimia viko nyuma ya ghala, vimefungwa kamba ya mita moja na nusu. Anayetaka mita nne aje siku ya mkutano na kamba yake, tutembee naye njia nzima, atuonyeshe mgomba wa nani utang'olewa.