Waliomzomea Chot Reyes

BENCHI LA NYUMA
Na Zuhura Mbaraka

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, mtangazaji wa uwanja wa Philippine Arena, huko Bocaue nje ya jiji la Manila, alilitaja jina la kocha wa timu ya taifa ya Ufilipino. Uwanjani walikuwamo watu 38,115. Hakuna mechi ya Kombe la Dunia la mpira wa kikapu iliyokuwa imewahi kuingiza umati mkubwa kama ule. Umati ukamzomea. Mpira ulikuwa haujarushwa bado, hakuna aliyekosa kufunga, hakuna mchezaji aliyeonewa kwa kuachwa benchi. Kocha wao, nyumbani kwao, katika shughuli ambayo nchi yao haikuwa imeibeba tangu 1978, alipokewa kama mgeni aliyekuja kuiba.

Kelele zile bado zimo masikioni mwangu, na leo nataka nizizungumze.

Jina lake ni Vincent Reyes, ila kwa Wafilipino ni Chot tu. Ili mtu aelewe uzito wa kuzomewa kwake, lazima kwanza aelewe kikapu ni nini katika nchi ile. Wamarekani waliupeleka mchezo huo mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wakiitawala, na wenyeji wakaufanya wao. Goli la kikapu utalikuta limepigiliwa kwenye mnazi, au kwenye ukuta wa duka la mtaani, na watoto wanaruka chini yake wakiwa wamevaa ndala. Mwaka 1954 timu yao ilirudi kutoka Rio de Janeiro na medali ya shaba ya dunia, na hadi leo hakuna timu nyingine ya Asia iliyofika hapo. Mwaka 1975 wakaanzisha ligi ya kulipwa, PBA, ya kwanza katika bara lao. Vilabu vyake havibebi majina ya miji, vinabeba majina ya makampuni: bia, simu, na zamani hata soda na nyama za makopo. Familia hugawanyika mezani kwa sababu ya makampuni hayo.

Katika ligi hiyo Reyes alianza kama msaidizi wa Tim Cone, Mmarekani aliyekulia Ufilipino, kwenye klabu ya Alaska. Naomba msomaji alishike jina hilo la Cone. Mwaka 1993 Reyes alikabidhiwa timu ya Purefoods na akatwaa ubingwa katika msimu wake wa kwanza kama kocha mkuu. Mwaka 2002 aliichukua Coca-Cola, klabu iliyokuwa imeingia ligi mwaka uleule, akaipa taji. Baadaye akaja kuitawala ligi na Talk 'N Text, yaani TNT. Mara kadhaa amepewa tuzo ya kocha bora wa mwaka, ile iliyopewa jina la Baby Dalupan, mwalimu mkuu wa makocha wa Kifilipino. Sizitaji sifa hizi ili kumpamba. Nataka ieleweke kwamba mtu yule hakuokotwa njiani.

Timu ya taifa ndiyo iliyomfanya apendwe na achukiwe kuliko kitu kingine chochote. Safari yake ya kwanza, mashindano ya Asia ya mwaka 2007 huko Tokushima, Japani, iliishia nafasi ya tisa. Alirudi tena miaka kadhaa baadaye, na hapa naomba nipunguze mwendo, maana hapa ndipo penye utamu.

Ufilipino walikuwa na jeraha la Korea. Mwaka 2002 mjini Busan, nusu fainali ya Michezo ya Asia, Wafilipino waliongoza hadi sekunde ya mwisho kabisa. Lee Sang-min akaachia mtupo wa pointi tatu king'ora kikilia, mpira ukaingia, ikawa 69-68. Watu wazima walilia mbele ya televisheni. Kocha wa usiku ule alikuwa Jong Uichico. Kwa miaka 11 iliyofuata Korea ilikuwa kama jini lililoketi mlangoni mwao: kila walipotaka kutoka kwenda duniani, lipo.

Agosti 2013 mashindano ya Asia yakachezwa Manila, na katika nusu fainali wakapangiwa haohao Wakorea. Marcus Douthit, Mmarekani aliyepewa uraia ili awe nguzo yao chini ya kikapu, akaumia, akatoka. Kwa hesabu za kawaida mechi ilikuwa imekwisha. Marc Pingris akakamata nafasi isiyokuwa ya kimo chake, akawa anagombea kila mpira na watu waliomzidi urefu. Nahodha Jimmy Alapag, mwenye futi 5 na inchi 9, akapiga mitupo ya pointi tatu katika dakika ambazo wengi mikono huwa inatetemeka. Ikaisha 86-79. Neno lililokuwa midomoni mwa nchi nzima lilikuwa puso, yaani moyo, na kocha aliyelifanya kuwa bendera ya timu alikuwa Chot Reyes. Fainali walifungwa na Iran, lakini tiketi ya Kombe la Dunia ilikuwa imepatikana, ya kwanza tangu 1978.

Mwaka uliofuata, huko Seville, Hispania, walipoteza mechi nne mfululizo, na karibu kila mpinzani alitoka uwanjani akihema. Croatia walihitaji muda wa nyongeza, 81-78. Argentina walishinda kwa pointi nne tu, na Puerto Rico hivyohivyo. Mechi ya tano, dhidi ya Senegal, nayo ikaenda muda wa nyongeza, na safari hii Wafilipino wakashinda 81-79. Ulikuwa ushindi wao wa kwanza katika Kombe la Dunia kwa miaka 40. Miye nilikuwa upande wa Senegal, kwa damu ya bara letu. Hata hivyo nilipowaona wale vijana wakikumbatiana sikuweza kuwanyima heshima yao.

Haikuchukua hata mwezi mmoja. Katika Michezo ya Asia ya Incheon, Ufilipino walitakiwa kuifunga Kazakhstan kwa tofauti ya pointi 11 ili wasonge mbele. Sekunde chache kabla ya mwisho walikuwa mbele kwa pointi mbili tu. Reyes akamwagiza Douthit atumbukize mpira kwenye kikapu chao wenyewe, mechi isawazike, iende muda wa nyongeza, wapate nafasi ya kuitafuta ile tofauti. Waamuzi wakakataa kikapu kile. Wakashinda 67-65 na wakatolewa. Wengine waliiita aibu. Mimi naona ilikuwa akili ya mtu aliyekuwa bado anatafuta mlango wakati wengine wamekwishakaa chini. Lakini nakubali kwamba ilimgharimu, na ukocha wa taifa ukaenda kwa mwingine.

Tarehe 2 Julai 2018 ni jambo jingine, na hapo simtetei. Alikuwa amerejea kwenye benchi la taifa, wanacheza na Australia mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, palepale Philippine Arena. Ugomvi wa wachezaji wawili ukageuka vita vya uwanja mzima, viti vikirushwa. Wachezaji 13 walitolewa, tisa wa Ufilipino na wanne wa Australia. Wenyeji wakabaki na watu watatu, na mechi ikafungwa matokeo yakiwa 89-53. Shirikisho la kimataifa, FIBA, lilimfungia Reyes mechi moja na kumtoza faini ya faranga 10,000 za Uswisi. Mwalimu anawajibika kwa hasira za wanafunzi wake. Ile ilikuwa siku mbaya ya mchezo, na jina lake limo.

Alipoitwa kwa mara nyingine mwaka 2022, mambo yakaharibika kwa namna iliyowauma zaidi mashabiki. Katika Michezo ya Kusini-Mashariki mwa Asia, ambako dhahabu ya kikapu walikuwa wanaihesabu kama mali yao tangu 1991, walifungwa na Indonesia 85-81. Halafu Kombe la Asia, nafasi ya tisa. Agosti mwaka ule waliwafunga Saudi Arabia jijini Manila 84-46, na bado Reyes alizomewa. Timu imeshinda kwa pointi 38, kocha anazomewa! Mei 2023 aliirudisha nyumbani ile dhahabu, akiitwaa Phnom Penh mbele ya Kambodia waliojaza wachezaji waliopewa uraia. Hakuna aliyemrejeshea chochote kwa hilo.

Ndipo ikaja ile Agosti. Jamhuri ya Dominika waliwafunga 87-81, Angola 80-70, Italia 90-83. Jordan Clarkson, nyota wao kutoka NBA, alikuwa amejiunga na wenzake wiki chache tu kabla ya mashindano. Ligi ya makampuni na timu ya taifa hugombea wachezaji walewale na kalenda ileile, na mwaka huo haukuwa tofauti. Hayo yalijulikana na kila mtu. Waliozomea hawakuwa na jina la kalenda la kulipigia kelele. Walikuwa na jina la Chot.

Tarehe 31 Agosti, katika ukumbi wa Araneta, palepale Muhammad Ali alipopigana na Joe Frazier mwaka 1975, Ufilipino wakakutana na Sudan Kusini. Hapa ndugu zangu tunaingia na sisi. Sudan Kusini ni mwanachama wa Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, taifa lililozaliwa 2011, na lilikuwa linacheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Wakashinda 87-68. Siku mbili baadaye wakaifunga Angola na kukata tiketi ya Olimpiki ya Paris. Nilishangilia nyumbani kwangu hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Furaha yetu ile ilipita juu ya mgongo wa mtu, na mtu mwenyewe alikuwa Chot Reyes, aliyekaa mbele ya waandishi baada ya mechi akabeba lawama zote yeye peke yake.

Tarehe 2 Septemba Clarkson alifunga pointi 34, China wakachapwa 96-75, na Reyes akatangaza kwamba anakaa pembeni. Alishinda mechi yake ya mwisho na akaondoka.

Nina sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Nilipokuwa msichana Tanga, timu yetu ya mtaa ilikuwa na kocha aliyekuwa fundi cherehani. Alikuja jioni akiwa na nyuzi kwenye shati, na bukta zetu alizishona yeye. Tulipofungwa mechi moja tuliyodhani ni yetu, watu wazima walimzunguka wakamtukana mbele yetu. Hakujibu. Jioni iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo. Mwezi ule ulipoisha hatukuwa na timu, na wale waliomtukana hakuna hata mmoja aliyeshika filimbi.

Shabiki anayo haki ya kukasirika, na Wafilipino walikuwa na mengi ya kuwakasirisha. Kulikuwa na manung'uniko kwamba Reyes analindwa na wakubwa: tajiri Manuel V. Pangilinan ndiye mwenye nguvu nyuma ya klabu ya TNT, ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa shirikisho lao la sasa, na kituo cha televisheni cha TV5, ambacho Reyes aliwahi kukiongoza, ni cha kundi lake. Maswali hayo ni halali kabisa. Yaulizwe mchana, kwa majina na kwa hesabu. Lakini kumzomea mtu kabla mpira haujarushwa hakuulizi swali lolote. Wachezaji 12 waliosimama kando yake waliisikia sauti ile pia, nao ndio waliotakiwa kucheza. Sijui ni mzazi gani anayemtukana mwalimu darasani asubuhi ya mtihani halafu akategemea mtoto afaulu.

Kwenye benchi lile la 2023, miongoni mwa wasaidizi wake, alikuwamo Jong Uichico, yule wa Busan, na alikuwamo Tim Cone, yule wa Alaska. Bosi wake wa zamani alikubali kukaa chini yake. Reyes alipoondoka, Cone alipewa timu, na Oktoba hiyohiyo huko Hangzhou akaifunga Jordan 70-60 na kuipa Ufilipino dhahabu ya Michezo ya Asia ya kwanza tangu 1962. Nchi ikaimba jina la Cone, na alistahili.

Reyes alirudi kwenye ligi, TNT. Novemba 2024 aliifunga Ginebra, timu yenye mashabiki wengi kuliko zote nchini mwao, mechi nne kwa mbili katika fainali. Kocha wa Ginebra ni Tim Cone. Machi 2025 wakakutana tena katika fainali ya kombe lililofuata, zikaenda mechi zote saba, na ya saba ikapigwa tarehe 28 katika ukumbi wa Araneta, uliofurika. Muda wa kawaida ukaisha bila mshindi, kama kule Seville. Ikaongezwa dakika tano. TNT 87, Ginebra 83.